Antonio de Torres: fundi wa gitare aliyeuza sahani ili aishi

Kila Jumapili, kutoka Kalemie mpaka Bunia, gitare inalia makanisani. Siku hizi wengi wanatazama ile ya umeme, lakini vijana wengi wanaanza na ile ya mbao tupu, yenye tundu tumboni na nyuzi sita. Mbele ya hiyo walikuwa na ile ya bidoni, yenye nyuzi zilizochomolewa kwenye freni ya kinga. Ile sura ya gitare ya mbao, na kiuno chake chembamba na tumbo pana, mtu anaweza kufikiri ilikuwa hivyo tangu zamani za kale. Sivyo. Gitare za miaka 200 iliyopita zilikuwa ndogo, na sauti yao ilikuwa nyembamba hata haikufika nyuma ya chumba kikubwa. Mtu aliyeipa gitare ya nyuzi laini mwili ilio nao leo alikuwa fundi wa mbao wa kusini mwa Hispania, jina lake Antonio de Torres Jurado. Wapiga gitare wa dunia nzima wanalijua jina lake. Yeye mwenyewe, miaka mingi ya maisha yake, alikula kwa kuuza sahani na glasi.

Alizaliwa tarehe 13 mwezi wa sita mwaka wa 1817, katika kijiji cha La Cañada de San Urbano, karibu na mji wa Almería, kwenye pwani kavu ya Hispania. Baba yake, Juan Torres, alikuwa mkusanya kodi. Mama yake aliitwa María Jurado. Familia haikuwa ya matajiri, haikuwa pia ya wale wa mwisho kabisa. Mtoto alipofika miaka 12 walimpeleka kwa seremala ajifunze kazi. Hapo ndipo alipojua randa, patasi, msumeno na gundi, na hakuna cheti kingine alichopata katika maisha yake.

Mwaka wa 1833 mfalme wa Hispania akafa, na watu wakagawanyika juu ya nani atakalia kiti. Vita ikaanza. Jeshi likawa linachukua vijana, na Antonio naye akachukuliwa. Baba yake alifanya mipango mpaka wakamrudisha nyumbani, wakaandika kwamba hana afya ya kutosha. Lakini karatasi ya namna hiyo haina nguvu ya milele, juu mkubwa mwingine anaweza kuja kesho na kuipasua. Wakati ule waliokuwa wanachukuliwa ni vijana wasiooa, na wajane wasio na watoto. Kwa hiyo mwaka wa 1835 familia ikamuoza haraka haraka. Antonio alikuwa na miaka 18. Mke, Juana María López, alikuwa mtoto wa miaka 13.

Wazazi wa huku mashariki ya Congo wanaojua kumficha kijana ili asibebwe na watu wenye silaha hawatahitaji maelezo marefu juu ya ndoa ile. Mvulana alipona. Msichana yule ndiye aliyelipa, na historia imebaki na maneno machache sana juu yake. Mwaka wa 1836 alizaa binti, mwaka wa 1839 mwingine, na mwaka wa 1842 wa tatu, ambaye alikufa baada ya miezi michache. Yule wa pili naye akafa. Mwaka wa 1845 kifua kikuu kikamchukua mama mwenyewe, akiwa na miaka 23.

Miaka ile yote Torres alikuwa na madeni na alikuwa anahangaika kutafuta kazi yenye kulipa vizuri zaidi ya useremala wa kijijini. Kuna wanaosema kwamba karibu mwaka wa 1842 alifika mji wa Granada, akajifunza kutengeneza gitare kwa fundi mmoja aliyeitwa José Pernas. Wataalamu bado wanabishana juu ya habari hiyo. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba alihamia Sevilla, mji mkubwa wenye ngoma, mvinyo na wapiga gitare, akapata fasi katika barabara ya Cerrajería, nambari 7. Atelye hiyo aligawana na fundi mwingine, Manuel Soto y Solares. Mwanzoni alitengeneza gitare chache tu, kama seremala anayeongeza kitu kidogo juu ya mapato ya milango na viti.

Aliyembadilisha ni mpiga gitare, Julián Arcas, mtoto wa jimbo hilo hilo la Almería. Arcas alikuwa mdogo wake kwa miaka 15, lakini alikuwa amekwisha kujulikana. Alikuwa na shida moja ya kweli: anapopiga mbele ya watu wengi, wa nyuma hawasikii. Ndiye aliyemshauri Torres aache kuchezea hii kazi, aifanye iwe kazi yake ya maisha, na katika miaka ya 1850 Torres akakubali. Kuanzia hapo akawa si fundi wa kutengeneza tu, bali mtu wa kuchunguza.

Swali lake lilikuwa hili: sauti ya gitare inatoka wapi? Uzi wenyewe hauna sauti kubwa. Ufunge kwenye misumari miwili juu ya ukuta wa matofali, utausikia kama mbu. Kinachopiga kelele ni ubao wa mbele, ule wenye tundu, unaotikiswa na nyuzi na kuitikisa hewa. Ubao ukiwa mzito, nyuzi zinashindwa kuuamsha. Ukiwa mwembamba kupita kiasi, nyuzi zinauvuta, unapinda, kisha unapasuka. Fundi anatembea katikati ya hizo hatari mbili, na nafasi aliyo nayo ni sehemu ya milimetre.

Torres alifanya mambo matatu kwa pamoja. Alipanua mwili wa gitare. Akapunguza unene wa ubao wa mbele mpaka karibu milimetre mbili, na pembeni akaufanya mwembamba zaidi, akaupa tumbo kidogo usiwe sawa kama meza. Kisha ndani, upande usioonekana, akagundisha vijiti vyembamba vilivyopangwa kama vidole vya mkono uliofunguliwa, mara nyingi saba, vinaanzia karibu na tundu na kutawanyika kuelekea chini. Vijiti hivyo vinashika ubao usikunjike, lakini havizuii utikisike. Si yeye aliyevibuni, mafundi wengine wa Hispania walikuwa navyo mbele yake. Yeye alivipimia na kuvilinganisha kushoto na kulia mpaka vikawa mpango kamili. Urefu wa uzi, kutoka mfupa wa juu mpaka mfupa wa chini, akauweka karibu santimetre 65, na hicho ndicho kipimo ambacho mafundi wengi wanakitumia mpaka leo.

Mwaka wa 1856 alitengeneza gitare iliyopewa jina La Leona, maana yake Simba jike. Ndani ya tundu lake mna mrija wa shaba unaoelekea tumboni, mojawapo ya majaribio yake ya kuipa sauti uzito. Arcas aliichukua akapiga nayo mbele ya watu, na safari hii hata wa nyuma wakasikia. Mwaka wa 1858, kwenye maonyesho ya Sevilla, Torres akapewa medali ya shaba kwa gitare nyingine, iliyopambwa kupita zote, yenye mbao za pembeni zenye vidoa kama macho ya ndege.

Lakini kulikuwa na wenye shaka. Walisema uzuri wa sauti unatoka kwa mbao za bei kali za pembeni na nyuma, zile nyekundu za palisanda zilizokuwa zinaletwa kwa meli. Torres hakubishana nao kwa maneno. Mwaka wa 1862 alitengeneza gitare ambayo mgongo wake na mbavu zake ni karatasi ngumu, kama ya katoni, na ni ubao wa mbele tu uliokuwa wa mti mzuri. Na ililia kama gitare. Seremala aliyesoma kwa mikono alifanya jaribio ambalo profesa angelifanya: aliondoa kila kitu isipokuwa kile kimoja alichotaka kukijua.

Ni vizuri kukaa kidogo kwenye meza ya fundi kama huyo, juu ni pale gitare inapookoka au kuharibika. Watu wanafikiri kazi kubwa ni kukunja mbavu na kugundisha mwili. Ni kazi, ndiyo. Lakini gitare iliyokwisha kugundishwa vizuri inaweza kufa kwa sababu ya vitu vidogo ambavyo mteja hata havioni.

Chukua mfupa wa juu, ule unaokaa mwisho wa shingo, pale nyuzi zinapita kwenda kwenye funguo. Ni kipande kidogo kama kidole cha mtoto, kimekatwa kwenye mfupa wa ng'ombe. Mfupa lazima kwanza utolewe mafuta yote, la sivyo unabaki laini na unageuka njano vibaya. Kisha unakatwa kwa msumeno mdogo, unapigwa tupa mpaka unakaa kwenye fasi yake bila kucheza, na juu yake zinachorwa njia sita za nyuzi. Njia ikiwa na ncha kali inakata uzi, na ikiwa nyembamba mno inaunata: mpiga gitare anazungusha ufunguo, hakuna kitu, anazungusha tena, na ghafla uzi unaruka juu ya noti yake. Ikiwa ya kina mno, uzi unagusa chuma cha kwanza cha shingo na kulia zzz. Dawa ni kulainisha ndani ya njia ile, ambayo upana wake hauzidi uzi, mpaka inang'aa kama jino. Hapo hakuna mashine wala haraka.

Mfupa wa chini unakaa juu ya kile kipande cha mbao kilichogundishwa chini ya tundu, ambacho wenye kusema Kifaransa wanakiita shevale. Zamani kwenye gitare nyingi nyuzi zilifungwa moja kwa moja kwenye mbao. Torres anahesabiwa kati ya mafundi walioipa shevale umbo la leo: nyuzi zinafungwa nyuma, kisha zinapanda juu ya kipande cha mfupa kinachoweza kutolewa. Ukitaka nyuzi ziwe chini zaidi, unautoa mfupa, unausugua tumbo lake kidogo, unaurudisha. Lakini tumbo hilo lazima liwe sawa kabisa. Likiwa na uwazi wa unene wa karatasi, sauti inapotea pale pale, haifiki kwenye ubao. Mpiga gitare atalaumu nyuzi, atalaumu mbao, atamlaumu hata aliyemuuzia, na kosa liko chini ya mfupa.

Vyuma vya shingoni navyo vina mambo yao. Vikipigwa nyundo na kuingia, ncha zao zinabaki nje kama meno. Fundi mwenye haraka anazikata na koleo tu, na mpigaji anajua siku ya kwanza, kidole kikitoka damu. Fundi mwenye haya anapiga tupa kila ncha peke yake, anaizungusha, kisha anaisugua mpaka mkono unateleza juu na chini bila kuhisi chuma. Huko mwisho wa shingo, Torres alikuwa anakata kichwa cha gitare kwa mapinde matatu, na mpaka leo wenye kuzijua gitare wanaitambua kazi yake kwa kichwa hicho.

Kuzunguka tundu kuna pambo la mviringo, vipande vidogo vidogo vya mbao za rangi mbalimbali vilivyopangwa kama mkeka. Vikikwisha kugundishwa vinasimama juu kidogo ya ubao, na lazima vishushwe viwe sawa nao bila kula ubao wenyewe. Karatasi ya msasa haikuwa chombo cha kwanza cha mafundi wa zama zile. Walitumia kibamba chembamba cha chuma, makali yake yamekunjwa kidogo, kinachokwangua unyoya wa mbao mwembamba kuliko karatasi ya sigara. Ukikwangua mara moja zaidi ya inavyotakiwa, ubao wa milimetre mbili hauna pa kurudishia.

Mwisho ni rangi, au tuseme ngozi ya gitare. Huku kwetu gitare nyingi za mtaani zinapakwa ile verini nzito ya meza na makabati, hata ya gari. Zinang'aa sana sokoni, na zinalia kama sanduku. Mafundi wa gitare wa Hispania walikuwa wanatumia utomvu unaotolewa na kidudu kimoja cha Asia, wenyewe wanauita goma laka, ulioyeyushwa ndani ya alkoli kali. Hawakupaka kwa brashi. Walichukua pamba au sufu, wakaifunga ndani ya kitambaa safi kama kifuko, wakakilowesha kidogo, wakaweka tone la mafuta kisishike, kisha wakasugua kwa mizunguko, bila kusimama, maana ukisimama kitambaa kinanata na kung'oa kazi ya asubuhi nzima. Tabaka moja haionekani hata kwa macho. Unapaka, unaacha ikauke, unapaka tena, siku kwa siku. Mashimo madogo ya mbao yanajazwa kwa unga wa jiwe la volkano, lile jeupe na jepesi mpaka linaelea juu ya maji. Si yale mawe meusi ya Goma, hata kama yote mawili yametoka kwenye moto wa chini ya ardhi. Mwisho wake ni ngozi nyembamba sana, inayolinda mti bila kuuziba mdomo.

Na chini ya shevale hapapakwi kitu. Gundi inataka mbao uchi. Fundi akisahau na kupaka hapo, shevale itang'oka siku moja nyuzi zikiwa zimekazwa, na itaruka na ubao mkononi.

Kazi hizi ndizo zinazokula siku, na mteja halipi siku, analipa gitare. Hapo ndipo palipokuwa na shida ya Torres. Alikuwa anatengeneza gitare za fahari kwa wenye pesa, na nyingine za kawaida, za mti wa sipre, ndugu ya ile inayopandwa kwenye milima ya Kivu, kwa wapigaji masikini. Alitumia kila alichopata: kwenye baadhi ya gitare zake ubao wa mbele umeunganishwa kwa vipande zaidi ya viwili, dalili kwamba mti mzuri ulikuwa haba, au pesa. Sifa alikuwa nayo katika Sevilla nzima. Mapato ndiyo hayakufuata.

Mwaka wa 1868 alioa tena. Bibi yake wa pili aliitwa Josefa Martín Rosado. Muda mfupi baadaye kijana wa miaka 17 aliingia kwenye atelye yake kutafuta gitare. Inasimuliwa kwamba Torres alimpima kwa macho, akamtolea gitare moja ya kawaida iliyokuwa pale. Kijana akapiga. Torres akasikiliza, akaingia ndani, akatoka na gitare aliyokuwa amejitengenezea mwenyewe mwaka wa 1864. Hiyo ndiyo aliyompa. Kijana alikuwa Francisco Tárrega, na alitembea na gitare hiyo miaka mingi mpaka mbao zake zikachoka. Huyo Tárrega, hata asiyejua jina lake amemsikia: ule mlio wa simu za Nokia uliokuwa unalia katika kila soko la Bukavu na Butembo umetolewa kwenye waltz moja aliyoitunga. Kwa njia ya wanafunzi wa Tárrega gitare ya Torres ilienea Ulaya na Amerika, na mafundi wakaanza kuiiga.

Lakini karibu mwaka wa 1870, wakati jina lake lilikuwa linaanza kusafiri, Torres alifunga atelye ya Sevilla. Alirudi kwao Almería na bibi yake, wakafungua duka la vyombo, sahani, vikombe na glasi, katika barabara ya Calle Real. Fundi mkubwa kuliko wote wa gitare, kwa karibu miaka mitano, alikuwa anapanga vikombe. Watu wengine wanasimulia jambo hili kama aibu ya Hispania. Lakini mtu aliyeishi na madeni tangu ujana, aliyezika bibi na watoto, anaruhusiwa kuchagua duka linaloingiza pesa kila siku.

Karibu mwaka wa 1875 mikono ikamshinda. Akarudi kwenye gitare, kwanza kwa saa zile duka halina watu. Kwenye karatasi ndogo zinazobandikwa ndani ya gitare alianza kuandika kwamba ni za kipindi cha pili, akazipa na nambari, jambo ambalo hakulifanya Sevilla. Mtu huyu alijua kabisa kwamba maisha yake yamekatika vipande viwili. Josefa alikufa mwaka wa 1883. Baada ya hapo Torres alizidisha kazi, karibu gitare 12 kwa mwaka, yaani moja kila mwezi, akiwa mzee wa miaka 66 na kuendelea.

Miaka ya mwisho mikono ilianza kutetemeka. Kwa kazi ambayo yote iko mikononi, hiyo ni habari mbaya kuliko njaa. Gundi ya zama zile ilitolewa kwenye ngozi za wanyama na kutumiwa ikiwa moto. Inashika ndani ya dakika chache, na haimsubiri mzee atulize vidole. Juan Martínez Sirvent, padri aliyekuwa rafiki yake, alikuwa anakuja kumsaidia kugundisha. Miaka mingi baadaye padri huyo aliandika kumbukumbu zake, na ndiyo sababu kuna mambo ya Torres yanayojulikana.

Kati ya hayo kuna habari ya chakula kimoja cha jioni. Mtu mmoja mezani alimwomba Torres asife na siri yake, awaachie wengine. Torres alijibu kwamba hawezi, hata angetaka. Siri yenyewe, alieleza, iko kwenye ncha za kidole gumba na cha shahada: anapoushika ubao kati ya vidole hivyo viwili, vinamwambia akilini kama umefikia pale sauti anayoitaka inapopatikana. Hiyo itaingia naye kaburini.

Wengi wamelichukua jibu hilo kama majivuno ya fundi anayeficha kazi yake. Inaonekana zaidi ni jibu la mtu mwenye huzuni. Mpango wa vijiti vyake unaweza kuchorwa, na santimetre 65 zinaweza kuandikwa. Lakini kila mti una ugumu wake, hata mbao mbili za mti mmoja hazifanani, na mahali pa kusimamisha kile kibamba cha kukwangulia hapaandikwi popote. Padri angeweza kushika gundi kwa niaba yake. Kuhisi ubao kwa niaba yake hakuweza.

Alikufa tarehe 19 mwezi wa 11 mwaka wa 1892, akiwa na miaka 75. Mwaka ule huku mashariki ya Congo moto ulikuwa umewaka Maniema, kati ya majeshi ya Léopold na watu wa Tippo Tip, na hakuna aliyekuwa na habari ya fundi wa Almería. Miaka 60 baadaye, mwaka wa 1952, Mwingereza Hugh Tracey alimrekodi kijana mmoja kule Jadotville, inayoitwa leo Likasi. Kijana huyo, Jean-Bosco Mwenda, alikuwa na sauti, vidole, na gitare ya mbao yenye nyuzi sita tu.

Inakadiriwa kwamba Torres alitengeneza karibu gitare 320. Zinazojulikana leo hazifiki nusu yake. Baada ya kifo chake wafanyabiashara waliona haraka kwamba jina lake ni pesa, wakatengeneza karatasi za uongo na kuzibandika ndani ya gitare za watu wengine. Ilibidi fundi mwingine, José Luis Romanillos, Mhispania aliyefanya kazi Uingereza, atembee akizipima moja moja, unene wa ubao, pembe za vijiti, umbo la shevale, mpaka akatoa kitabu mwaka wa 1987. Katika kitabu hicho gitare za kweli zina alama zao: za Sevilla zimeandikwa FE, kipindi cha kwanza, na za Almería SE, kipindi cha pili. Nambari za hizo za pili zilipita 150.

Ile ya katoni iko Barcelona, katika jumba la makumbusho ya muziki. Kwa miaka mingi haikuweza kupigwa. Mbele ya mwaka wa 2000 mafundi wawili wa mji huo, ndugu wa baba mmoja, waliitengeneza tena, na sasa nyuzi zinaweza kukazwa juu yake.